Vitu vya Bénita na Shimo la Nyuma ya Nyumba

Bénita Umutesi ni mujukuu wangu. Mama yake, binti yetu Julie, anauza maharage Kiwanja, kaskazini ya Goma. Mwaka 2008, masasi ya vita yalipozidi kule, Julie alimupandisha mutoto kwenye lori la viazi akamutuma kwetu Goma. Alikuwa na miaka minane. Alishuka na mufuko mumoja wa plastiki. Ndani mulikuwa na sketi ya shule, kijiko, na kifuniko cha sufuria. Muke wangu alimuuliza kile kifuniko ni cha nini. Mutoto akasema amekiokota njiani, watu walikuwa wanakimbia, na sufuria yake itaonekana tu.

Haikuonekana. Lakini hakuacha kuokota.

Tunakaa Keshero, upande wa ziwa. Bénita amekuwa mukubwa hapa. Shule aliiacha mwaka wa tano wa sekondari, akaingia kwenye nguo za balo, yaani mitumba inayokuja imefungwa kwa kamba kutoka Bulaya. Kila siku saa kumi na mbili anachota maji bidoni mbili, anakunywa chai akiwa amesimama, anaenda kwa miguu mupaka soko la Virunga. Siku zingine anafika Birere, karibu na Rwanda. Kamba ya balo ikikatwa, wanawake wenye nguvu wanachagua kwanza. Wanaita hiyo premier choix. Bénita hajafika huko. Anangoja wamalize, kisha anapiga magoti kwenye mabaki.

Anapata vitu. Sijui namna gani, lakini anavipata. Anavipiga picha na telefone, anaviweka kwenye statut yake, na watu ambao hawamujui wanamuandikia. Kuna wasichana wa Himbi wanaoamuka asubuhi kuangalia tu Bénita ameokota nini. Vingi anauza. Vile anavyovipenda sana haviuzi, anavipanga kwenye ubao juu ya kitanda chake. Palikuwa na birika la buluu lililotoboka. Palikuwa na saa ya mezani ambayo ndege mudogo alikuwa anatoka kuimba, akakwama akiwa nje, mudomo wazi. Palikuwa na fremu ya picha, na picha ilikuwa bado ndani: wazungu watano kwenye barafu, na mbwa. Muke wangu alikuwa anawasalimia kila asubuhi akipita. Mwenye kofia nyekundu alimuita Habarurema, juu ya kufanana na mutu wa Masisi aliyetuuzia ng'ombe mugonjwa.

"Habarurema, umeamukaje?" anasema. "Na ng'ombe wako je?"

Mimi vile vitu viliniogopesha. Goma si muji wa kupanga vitu kwenye ubao. Mwaka 1996 tulikimbia vita, tukarudi, nyumba ilikuwa tupu. Mwaka 1998 vilevile. Mwaka 2002 Nyiragongo, mulima wetu wa moto, ilitapika, moto ukapita katikati ya muji, ukachukua nyumba yetu ya kwanza na kitanda cha harusi yetu. Ndipo tukahamia Keshero. Nikiona mutoto anapanga vitu, moyo unaniambia: huyu anaandalia nani?

Nyuma ya nyumba yetu kuna shimo. Moto wa zamani sana, wa kabla ya babu zetu, ulipita chini ya ardhi ukaacha nafasi. Unashuka ngazi tano za mawe, kisha unafika kwenye chumba ambacho mutu anaingia akiinama. Mwezi wa kumi na moja 2012, waasi walipoukaribia muji, askari waliokuwa wanakimbia walivunja nyumba za watu. Mimi na Bénita tuliingiza kila kitu shimoni, tukafunika kwa mawe na majani ya ndizi. Askari watatu waliingia kwetu. Wakakuta wazee wawili, mutoto mumoja, na sufuria moja yenye maharage. Mukubwa wao akacheka, akawaambia wenzake kwamba hawa wamekwisha kuibiwa na wengine. Wakaenda kwa jirani.

Bénita alikuwa na miaka kumi na miwili. Tangu siku ile alikuwa anasema shimo letu linashinda benki zote za Goma.

Kuna jambo moja sikumuambia. Keshero ina mazuku. Ni hewa mubaya inayotoka ndani ya ardhi. Haina rangi, haina harufu, na ni nzito, inalala mabondeni kama maji. Mbuzi anashuka kula majani, hapandi tena. Basi mwaka ule, kabla ya kuingiza vitu, alfajiri mutoto akiwa amelala, nilishusha nyasi inayowaka kwa kamba mupaka chini kabisa. Iliendelea kuwaka. Ndipo nikajua shimo ni safi. Sikumuamusha aone, juu aliogopa vya kutosha juma lile. Nilimufundisha kuficha. Kupima sikumufundisha. Miaka ikapita, nikasahau kwamba sikumufundisha.

Mukamugema, muke wangu, alikufa mwezi wa tatu mwaka 2021. Sukari. Tulikuwa pamoja miaka hamsini na miwili.

Kwetu, matanga yakiisha, jamaa inakaa inagawa nguo za marehemu. Niliwaambia wangoje. Nilizikunja mimi mwenyewe, vikwembe saba vya kujifunga, fulana mbili za baridi, na kitambaa cha kanisa, nikaziweka kwenye valizi, sanduku lake la kahawia la safari, chini ya kitanda. Jamaa ikanitazama, ikangoja.

Ilikuwa imefika miezi miwili. Jumamosi tarehe 22 mwezi wa tano, jua likizama, mawingu juu ya Nyiragongo yalikuwa mekundu. Kwetu hiyo si habari. Mulima ule unamulika mawingu yake kila jioni, na siku usipomulika ndipo tunaulizana kuna nini. Bénita alikuwa anakoroga sombe, majani ya muhogo, nje. Hilaire, jirani yetu, anayesukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, alipita na viazi akasema leo mulima unapika mapema. Tulicheka. Sombe haijaiva, watu wa kaskazini ya muji wakaanza kukimbia.

Moto ulishuka upande wa Buhene. Ukala nyumba, ukakata barabara, ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Kwetu haukufika. Asubuhi watu walisema Mungu ametuhurumia.

Kisha ardhi ikaanza kutetemeka. Iliendelea siku tano. Unaweka kikombe kwenye meza, kinatembea. Ukuta wa jikoni ulipasuka kutoka juu mupaka chini, na mukono wangu uliingia ndani ya ufa. Tulilala nje na godoro. Mutu akifunga mulango kwa nguvu, mutaa wote unasimama.

Siku ya Jumanne Bénita alienda Birere. Nilimukataza. Akasema watu wanauza bei ya kutupa, juu wanakimbia, na kama hataenda leo hatapata tena. Alienda. Tangu saa sita nilisimama kando ya barabara na fimbo yangu. Ardhi ilitetemeka mara nne nikiwa pale. Mara ya nne ukuta unaozunguka parseli ya jirani ukaanguka wote, taratibu, kama ng'ombe anayelala. Saa tisa nikamuona anakuja. Alikuwa amevaa koti la mvua la njano, refu, lenye kofia, na alikuwa anacheka.

"Sogokuru, angalia! Halijatoboka popote."

Sogokuru ni babu, ndivyo ananiita. Nilimushika mukono wa koti, nikatangulia naye nyumbani.

Alhamisi, asubuhi sana, radio ilisema watu watoke. Moto uko chini ya muji, ilisema, na chini ya ziwa, unaweza kutoka bila kupiga hodi. Radio ilitaja makartie, yaani mitaa ya kuhama. Yetu haikutajwa. Lakini ukiona Goma yote inapita mbele ya mulango wako na magodoro kichwani, huulizi kama jina lako limesomwa. Watu walijaa barabara ya Sake. Hakuna aliyekuwa anapiga kelele. Nilisikia viatu tu.

Nilikuwa nimekaa ndani, kwenye kitanda. Bénita alikuwa anaingia na kutoka. Nilidhani anafunga chakula.

Hilaire alikuja na chukudu. Juu yake alikuwa amekaa mama-mukwe wake, Mukabalisa, mwanamuke munene mwenye miguu inayouma, na sufuria ya maharage kwenye mapaja. Kwetu mukwe hamuangalii mama-mukwe usoni, ni heshima. Basi Hilaire alikuwa anasukuma akiangalia pembeni, na mara mbili alikuwa karibu amuingize kwenye mufereji. Muke wake na watoto walikuwa wametangulia.

Akaniita. Nikamuambia siendi bila valizi.

Hakuelewa. Nikamuonyesha. Akaiangalia, akasema:

"Muzee, chukudu ina mutu. Unataka mama-mukwe ashuke, valizi ipande?"

"Nimesikia," Mukabalisa akasema kutoka nje. "Marehemu alikuwa rafiki yangu kabla wewe hujazaliwa, Hilaire. Nguo zake nazililia. Lakini sishuki."

Nikarudi kukaa kwenye kitanda. Ardhi ikatetemeka, mavumbi yakatuangukia kichwani. Hilaire akaapa kwamba ataniacha. Ndipo Bénita akaingia na koti lake la njano.

Alisema hakuna sababu ya kugombana. Valizi itaingia kule tuliweka vitu 2012. Vitu vyake vya ubaoni vimekwisha kuingia, alivifunga kwenye mifuko miwili, akasimama kwenye ngazi za juu na kuvisukuma vikateremuka vyenyewe. Hata telefone ameiweka mule, juu wezi wa njiani wanatafuta telefone kwanza. Kila mara Goma inakimbia, kuna wasiokimbia, na hao ndio wanaingia majumbani.

Nilifurahi. Lazima niliandike hilo. Nilifurahi kwamba mutoto amekumbuka.

"Usiitupe," nikamuambia. "Ingia nayo mupaka ndani. Iweke vizuri, isipate mvua."

"Ndiyo, Sogokuru."

Akainua valizi kichwani, akatoka kwa mulango wa nyuma.

Nilifunga madirisha. Nilikunywa maji. Nilizima radio, nikaiwasha, nikaizima. Hilaire alikuwa nje anamuambia mama-mukwe, akiangalia muti wa parachichi, kwamba tukizidi kuchelewa Sake itajaa. Nikamuita Bénita. Kimya. Nikadhani anafunika na majani. Nikamuita tena.

Nikatoka nyuma. Mawe ya kufunikia yalikuwa bado yamepangwa kando. Kwenye ngazi ya tatu kuku mweupe wa jirani alikuwa amelala ubavu, na karibu yake mujusi, tumbo juu. Hakukuwa na damu. Niliwaza ugonjwa wa kuku. Niliwaza wezi. Kisha nikaona kiatu cha Bénita, na ndani ya kiatu muguu wake. Alikuwa ameanguka kichwa chini, kuelekea chumbani, miguu yake imebaki kwenye ngazi. Nililoliona zaidi lilikuwa koti, lile la njano.

Ule musichana wa miaka nane na kifuniko cha sufuria. Nilisikia sauti yangu inamuita Mukamugema. Si Bénita. Mukamugema.

Hilaire alifika mbio. Alipoona, alirusha kofia yake, akaweka muguu kwenye ngazi ya kwanza. Nilimupiga fimbo kwenye goti.

"Usishuke."

"Muzee, mutoto anakufa!"

"Ni mazuku. Ukiinama utalala juu yake."

Watu wa mazuku wanakufa wawili wawili. Mumoja anaanguka, mwingine anamufuata kumuinua. Kila mutu wa Keshero anajua hilo, na kila mutu analisahau akimuona mutu wake chini. Bénita pia alijua mazuku, yale ya kule karibu na ziwa, penye kibao chenye fuvu la kichwa. Ya nyumbani hakuyawaza. Shimo letu lilikuwa safi tangu utoto wake. Na mulima ulipotapika, ardhi ilifungua milango mingine chini yetu, na hakuna aliyetutumia habari.

Nilitoa kiberiti mufukoni. Kijiti cha kwanza kikavunjika. Cha pili kikawaka. Nilisimama kwenye ngazi ya kwanza nikakishusha. Kiliwaka mbele ya kifua, kikawaka mbele ya tumbo. Kilipofika chini ya goti langu, kikazimika, kama mutu amekipuliza.

Basi nikajua maji yale yasiyoonekana yamefika wapi. Alipokuwa amesimama na mifuko yake, kichwa kilikuwa nje. Lakini kwa valizi aliinama, juu nilimuambia aiweke vizuri.

Hilaire alileta kamba ya chukudu, ile ya mupira ya kufungia viazi. Alitaka ashuke yeye. Nilikataa. Yeye ana watoto wanne barabarani, na mimi ni mwepesi, akinivuta nitatoka. Nilijifunga kiunoni, Hilaire akashika katikati, nikachukua ncha nyingine mukononi. Nilivuta pumzi, nikaziba mudomo, nikashuka ngazi ya pili, nikainama.

Sikuona kitu cha ajabu mule. Ilikuwa tu kivuli na mawe. Hiyo ndiyo iliyoniogopesha kuliko moto wa 2002. Moto unauona unakuja, unakuambia kimbia. Hapa palikuwa pazuri, baridi kidogo, kama mahali pa kupumuzikia.

Nilizungusha kamba kwenye muguu wake. Vidole vyangu ni vya muzee. Kifua kikaanza kugonga. Nikafunga, nikapanda, nikapumua. Hilaire akavuta. Kamba ikatoka na kiatu.

Nikashuka mara ya pili. Safari hii niliishika miguu yote miwili, nikazungusha mara tatu juu ya vifundo. Macho yalianza kujaa nyota. Nilimuomba Mungu kitu kimoja tu, kwamba nisipumue. Nilihisi Hilaire ananivuta kiunoni kabla sijamaliza. Nikamaliza nikiwa napanda.

Tulivuta wote wawili. Alitoka kwa miguu, uso unakwaruza kwenye mawe. Mawe ya volkano ni kama kisu. Alipofika juu, shavu lake la kushoto lilikuwa limechanika, na damu haikutoka. Midomo ilikuwa ya rangi ya birika lake la buluu.

Hakupumua.

Hilaire alimupiga mugongoni. Mimi nilikuwa nimemushika mukono, sijui nilikuwa nafanya nini na ule mukono. Kisha mutu akanisukuma pembeni. Alikuwa Mukabalisa. Aliyesema hashuki alikuwa ameshuka, ametembea, na sufuria ilikuwa imeanguka. Alimulaza Bénita ubavu, akafungua koti, akavuta ulimi wake na vidole, akakaza kumusukuma kifua. Alitoa kikwembe chake cha juu akakipepea usoni mwake, mara nyingi, kwa nguvu, kama mutu anayewasha makaa yaliyolowana.

"Usimufuate bibi yako," alikuwa anamuambia. "Sikia wewe. Bibi yako hana nafasi. Rudi."

Ardhi ilitetemeka tena. Hakuna aliyeinuka.

Sijui ilichukua muda gani. Damu ilianza kutoka kwenye shavu, kidogo. Mukabalisa aliiona kwanza, akasema asante kwa sauti ndogo. Kisha Bénita akakohoa kama mbuzi, akatapika chai juu ya koti.

Tulimuweka kwenye chukudu. Mukabalisa alitembea kwa miguu yake mibaya mupaka Sake, na njia nzima alilalamika, na hakuna aliyemunyamazisha. Mimi nilishika mukono wa Bénita. Kila hatua niliangalia kifua chake. Mara nyingine chukudu iliruka kwenye mawe, sikuweza kujua kama kifua kimeinuka chenyewe au ni barabara. Hapo nilimuomba Hilaire asimame. Alisimama kila mara. Watu nyuma yetu wakatukana, wakapita.

Sake tulilala kwenye chumba cha shule, watu hamsini. Siku mbili kichwa kilimuuma, hakujua tuko wapi. Siku ya tatu alikula ndizi. Aliangalia huku na huku, akaniuliza:

"Nyogokuru ameenda wapi?"

Nilidhani mazuku yamemula akili. Nikamuambia kwamba bibi yake alikufa mwezi wa tatu, tulimuzika pamoja, yeye ndiye alishika musalaba. Alinitazama. Akalia kama siku ile ya kwanza, na mimi nikamusikia upya. Lakini jioni alikumbuka. Alikumbuka na kaburi, na mvua iliyonyesha, na nani hakuja. Ndipo nikalala kidogo.

Mwezi wa sita tuliruhusiwa kurudi. Nyumba ilikuwa imesimama. Wezi walikuwa wamechukua radio na godoro. Bénita alizunguka ndani, akaangalia ubao wake mutupu. Kisha akaenda nyuma.

Nilimufuata. Alikuwa amesimama kando ya shimo. Kuku alikuwa bado kwenye ngazi ya tatu, na mawe ya kufunikia yalikuwa palepale. Hata wezi hawakushuka.

Alisema vitu vyake vyote viko mule. Telefone iko mule, na watu wote wanaomuandikia. Hana kazi nyingine. Atafunga pumzi kama mimi, atashuka na kupanda, dakika moja.

"Na valizi ya Nyogokuru iko mule," akasema.

"Najua."

"Huitaki?"

Nilitaka. Nilimupa kiberiti na uzi, nikamufungia kijiti kwenye uzi, nikamuambia ashushe mwenyewe. Nilimuonyesha jambo ambalo nilipaswa kumuonyesha alfajiri ile ya 2012. Kijiti kilizimika. Haikuwa tena kwenye goti. Kilikuwa kimezimika kwenye ngazi ya kwanza. Hewa ilikuwa imepanda.

Alijaribu tena. Alijaribu vijiti sita. Alienda kwa Hilaire akaazima telefone yake, akapiga picha ya kuku kwenye ngazi, na ya kijiti kilichozimika. Akaandika, nami akanisomea: kama ulificha vitu shimoni wakati wa kukimbia, usishuke, shusha moto kwanza. Akaiweka kwenye statut ya Hilaire, akawapigia wasichana watatu wa Himbi aliokumbuka namba zao, waiweke kwenye za kwao.

Nilidhani ni sisi tu wajinga. Hatukuwa peke yetu. Kumbe nusu ya Keshero ilikuwa na shimo lake la 2012. Telefone ya Hilaire ililia mupaka akaogopa kuishika. Mumoja alificha cherehani. Mwingine alificha hati za parseli. Kisha ikaingia sauti ya mwanamuke, Munezero, anayekaa mitaa mitatu chini yetu. Alisema mume wake amekwisha kuvua viatu. Yuko kando ya shimo sasa hivi, hamusikilizi, anasema ni maneno ya wanawake.

Bénita alikuwa amekwisha kukimbia. Nilimufuata na kamba. Sijakimbia hivyo tangu 1996. Kidonda cha shavu lake kilifunguka, damu ilikuwa inateremuka kwenye shingo, na watu walitupisha.

Mume wa Munezero anaitwa Niyonsenga, mutu mukubwa, muchunga ng'ombe. Alikuwa amekaa kwenye ukingo, muguu mumoja ndani. Alimuangalia Bénita, akaniangalia mimi na kamba, akacheka.

"Muzee, umekuja kunifunga kama mbuzi?"

Bénita alipiga magoti karibu yake, akawasha, akashusha uzi polepole kando ya muguu wake. Kijiti kilifika kwenye goti la Niyonsenga. Kikazimika.

Bénita akawasha kingine. Kikazimika palepale.

Niyonsenga aliutoa muguu wake taratibu, kama mutu anayeutoa kinywani mwa mbwa. Alitambaa kwa makalio mupaka kwenye ukuta, akakaa. Muke wake alikuwa amejiziba uso. Bénita alibaki amepiga magoti na uzi mukononi. Nilikaa chini karibu yake. Sikumuambia kwamba imekwisha, juu sikujua kama imekwisha.

Kesho yake tulianza kuleta mawe ya kuziba shimo letu.